Oksidi za Metali na Makali ya Mionzi: Tiba Mpya ya Saratani Ikitazamwa Kutoka Milima ya Upare

Kiasi cha mionzi anachoweza kupewa mgonjwa wa saratani hakipangwi na nguvu ya mashine, bali hupangwa na uvumilivu wa viungo vizima vilivyo jirani na uvimbe. Mashine za leo zina uwezo wa kutoa mionzi ya kuteketeza uvimbe wowote, lakini mionzi hiyo haina budi kupita kwenye ngozi, misuli, utumbo au uti wa mgongo kabla na baada ya kufika inakokusudiwa, na kila kiungo kina kikomo ambacho kikivukwa, madhara yake huweza kuwa mabaya kama ugonjwa wenyewe. Kwa sababu hiyo wataalamu wametafuta kwa miongo mingi njia ya kuufanya uvimbe uwe mwepesi kudhurika, ili dozi ile ile ifanye kazi kubwa zaidi ndani yake bila kuvitwisha mzigo zaidi viungo vingine. Mojawapo ya njia zilizokwisha kufika kwa wagonjwa ni ile ya kutia ndani ya uvimbe chembe ndogo mno za oksidi za metali, yaani misombo ya metali na oksijeni, ambazo zikipigwa na mionzi huongeza uharibifu papo hapo zilipo.

Saratani katika mkoa wa Kilimanjaro

Kwa wakazi wa wilaya za Same na Mwanga, zinazogawana Milima ya Upare, jambo hili linagusa maisha moja kwa moja, kwa kuwa zipo saratani mbili zinazowasumbua watu wa mkoa wa Kilimanjaro ambazo matibabu yake hutegemea sana mionzi. Ya kwanza ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania na ambayo chanzo chake ni virusi vya papiloma vya binadamu, maarufu kwa kifupi cha HPV. Ya pili ni saratani ya umio, yaani njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo huonekana kwa wingi usio wa kawaida katika ukanda mrefu wa mashariki na kusini mwa Afrika. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imeshiriki katika utafiti wa kimataifa wa kutafuta chanzo cha saratani hiyo, pamoja na vituo vya Eldoret nchini Kenya na Blantyre nchini Malawi.

Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015, watafiti walipima kwa kipimajoto chai ya watu wa mkoa wa Kilimanjaro pale walipoanza kuinywa, wakakuta wastani wa nyuzi zipatazo 70 za Selsiasi, huku chai ya maziwa ikinywewa ikiwa ya moto zaidi kuliko chai ya rangi. Mwaka uliofuata, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa huu hujificha kwa muda mrefu, kwa sababu umio hutanuka na kukipisha chakula hata uvimbe unapokuwa umeanza kuliziba tundu lake. Hivyo mgonjwa huanza kwa kukwamwa na makande au ndizi, baadaye uji humpita kwa shida, na hatimaye hata maji hayashuki. Wengi wanaofika hospitali katika hatua hiyo hawafai tena kupasuliwa, na mionzi hubaki kuwa mojawapo ya njia chache za kuupunguza uvimbe ili mtu aweze kumeza tena.

Jinsi mionzi inavyoua seli

Mionzi ya tiba hushambulia seli kwa kuharibu DNA, yaani nyuzi zinazobeba maelekezo yote ya uhai wa seli na kuzaliana kwake. Sehemu ya uharibifu huo hutokea moja kwa moja, pale elektroni iliyorushwa na mionzi inapogonga uzi wa DNA, lakini sehemu kubwa zaidi hupitia kwenye maji yaliyomo ndani ya seli, ambayo hupasuliwa na mionzi na kutoa vipande vyenye ukali mkubwa wa kikemia viitwavyo radikali huru. Kilicho kikali kuliko vyote ni radikali ya haidroksili, ambayo haidumu hata sekunde moja lakini katika muda huo mfupi hunyofoa chochote kilicho karibu nayo. Seli huweza kuunga uzi mmoja wa DNA uliokatika, ila nyuzi zote mbili zikikatika mahali pamoja kazi ya kuunga huwa ngumu, na seli iliyoshindwa kuunga hufa inapojaribu kugawanyika.

Seli nzima huunga majeraha hayo vizuri zaidi kuliko nyingi za saratani, na juu ya tofauti hiyo ndipo ulipojengwa utaratibu wa kugawa tiba katika dozi ndogo ndogo, kwa kawaida gray 2 kila siku, siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Kipimo hicho cha gray kimepewa jina la Louis Harold Gray, mwanafizikia wa Uingereza ambaye mwaka 1953, akiwa na wenzake, alionyesha kwamba seli zilizokosa oksijeni huwa sugu kwa mionzi. Seli za namna hiyo huhitaji dozi mara mbili na nusu hadi mara tatu ili ziuawe sawasawa na zile zenye oksijeni ya kutosha, na kwa bahati mbaya uvimbe mkubwa huwa nazo nyingi katikati yake, kwa kuwa hukua upesi kuliko mishipa ya damu inayoulisha.

Wazo la kuziongezea seli za saratani wepesi wa kudhurika limekwisha kutumika hospitalini kwa miaka mingi. Mwanamke anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi aghalabu hupewa pia dripu ya sisiplatini kila juma, dawa ambayo kiini chake ni metali ya platini na ambayo huzuia seli za saratani zisiunge DNA iliyojeruhiwa. Kasoro ya dawa ya namna hiyo ni kwamba huzunguka mwili mzima na kuathiri figo, neva na viungo vingine, ilhali kinachotakiwa ni kitu cha kukaa ndani ya uvimbe na kuamka pale tu mionzi inapokigusa.

Oksidi ni nini

Oksidi ya metali ni msombo unaopatikana metali inapoungana na oksijeni, na kutu ni mfano wake unaojulikana na kila mtu. Watu wa Upare wana historia ndefu na vitu hivi. Katika Pare ya Kaskazini, hasa Ugweno, ukoo wa Washana ulisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma kilichouzwa hadi kwa Wachaga, na masimulizi yaliyokusanywa na mwanahistoria Isaria Kimambo yanaeleza kwamba Washana walishika utawala kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Malighafi yao ilikuwa mchanga mweusi wenye magnetiti, ambayo ni oksidi ya chuma yenye sumaku, nao waliupika kwa makaa na mivukuto hadi oksijeni ikatengana na chuma, wakaacha nyuma marundo ya mavi ya chuma ambayo wanaakiolojia wameyachunguza. Magnetiti hiyo hiyo, ikitengenezwa kwa usafi maabara katika ukubwa wa nanomita chache, ni miongoni mwa oksidi zinazochunguzwa leo kwa ajili ya tiba ya saratani.

Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, hivyo chembe zenye upana wa nanomita 50 zikipangwa mstari mmoja, zitahitajika 20,000 ili kujaza milimita moja. Udogo huo una maana kwa sababu mbili. Kwanza, chembe za kiasi hicho huweza kumezwa na seli na kukaa ndani yake, karibu na mahali ambapo DNA hujeruhiwa. Pili, kitu kinapopunguzwa ukubwa, sehemu kubwa ya atomu zake huwa juu ya uso wake, na uso ndio mahali ambapo mabadiliko mengi ya kikemia hufanyika.

Kazi ya chembe ndani ya uvimbe

Oksidi iliyofika mbali kuliko zote ni ya hafni, metali nzito yenye namba ya atomu 72, yaani yenye protoni 72 katika kiini chake. Nyama ya mwili imejengwa hasa kwa haidrojeni, kaboni, naitrojeni na oksijeni, ambazo namba zake ni 1, 6, 7 na 8. Tofauti hiyo ina matokeo makubwa, kwa kuwa uwezekano wa atomu kufyonza eksirei na kurusha elektroni badala yake huongezeka kwa kasi kadiri namba ya atomu inavyokuwa kubwa, takribani kwa kipeo cha tatu au zaidi kidogo. Kwa hiyo eksirei ambazo zingepita kwenye nyama bila kuacha kitu hukamatwa kwa wingi na chembe za hafni, nazo chembe hizo hurusha elektroni nyingi ambazo baadhi yake husafiri umbali mfupi mno, zikaacha nguvu zao zote ndani ya seli ile ile. Mkulima wa Makanya anayetumia ndiva, yaani lambo la asili linalokusanya maji ya kijito usiku ili kesho yake yatoke kwa nguvu ya kufika shambani, ataielewa kanuni hii kwa urahisi, kwa kuwa kijito hakikuongezewa hata tone, ila maji yake yamekusanywa pale yanapohitajika.

Oksidi nyingine hufuata njia ya kikemia zaidi. Chuma, chenye namba ya atomu 26, hakikamati eksirei kwa wingi kama hafni, lakini hugeuza haidrojeni peroksidi, ambayo huwa nyingi katika seli za saratani na huongezeka zinapopigwa na mionzi, kuwa radikali za haidroksili. Oksidi ya zinki huyeyuka upesi zaidi katika mazingira yenye asidi kama yale yaliyomo katika uvimbe, ikaachia ioni zinazoivuruga seli. Oksidi ya metali iitwayo seri ina tabia ya kipekee, kwa kuwa atomu zake huweza kubadilika kati ya hali mbili za umeme: katika seli nzima hunyonya radikali huru na hivyo huweza kuzikinga, ilhali katika asidi ya uvimbe kinga hiyo hupungua na radikali hulimbikizana. Kama tabia hiyo itathibitika kwa binadamu kama ilivyoonekana maabara, kitu kimoja kitafanya kazi mbili alizozitamani kila daktari wa mionzi, kudhuru uvimbe na kulinda jirani zake.

Ushahidi uliopatikana kwa wagonjwa

Majaribio ya maabara ni mengi, lakini kinachoamua thamani ya tiba ni jaribio la binadamu, na kwa oksidi ya hafni jaribio hilo limefanyika. Kampuni ya Nanobiotix ya Ufaransa ilitengeneza chembe za oksidi ya hafni zenye upana wa nanomita zipatazo 50, zilizovikwa tabaka la fosfati ili zisigandamane, na kuzipa jina la NBTXR3. Wagonjwa 180 wenye saratani ya tishu laini za mikono, miguu au kiwiliwili waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, katika vituo 32 vya nchi 11. Kundi moja lilichomwa chembe hizo mara moja tu ndani ya uvimbe kisha likapewa mionzi, na jingine lilipewa mionzi peke yake. Wote walipangiwa gray 50 kwa siku 25 za tiba, kisha upasuaji.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kati ya wagonjwa 86 waliochanganuliwa katika kundi la chembe, 14, yaani asilimia 16, walikutwa na uvimbe ambao karibu wote ulikuwa umekufa, ukiwa na seli hai zisizofika asilimia 5, ilhali katika kundi la mionzi peke yake walikuwa 7 kati ya 90, yaani asilimia 8. Vilevile madaktari wa upasuaji walifanikiwa kuondoa uvimbe wote bila kuacha masalia kwa asilimia 77 ya wagonjwa wa kundi la kwanza, dhidi ya asilimia 64 ya wale wa kundi la pili. Mwaka huo huo Ulaya iliruhusu matumizi ya chembe hizo kwa saratani ya aina hiyo, na mwaka 2022 lilianza jaribio kubwa zaidi kwa wazee wenye saratani za kichwa na shingo wasioweza kustahimili sisiplatini.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa kwa utulivu. Idadi ya walioitikia vizuri iliongezeka mara mbili, na hilo ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo, wagonjwa zaidi ya themanini kati ya kila mia waliochomwa chembe hizo hawakufikia kiwango hicho, na uvimbe kuonekana umekufa katika maabara ya patholojia si sawa na mgonjwa kuishi miaka mingi zaidi.

Vikwazo vilivyobaki

Kikwazo cha kwanza ni njia ya kuzifikisha chembe kwenye uvimbe. Kuzichoma kwa sindano kunawezekana pale uvimbe unapofikika, lakini saratani iliyokwisha kusambaa haichomeki mahali pote, na njia ya kuzipitisha kwenye damu ina upotevu mkubwa, kwa kuwa ini na bandama huzikamata nyingi. Uchambuzi wa tafiti za miaka kumi, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba kwa wastani wa kati ni asilimia 0.7 tu ya chembe nano zilizopitishwa kwenye damu ya wanyama zilizofika kwenye uvimbe.

Kikwazo cha pili ni nguvu ya mionzi yenyewe. Ule uwezo wa metali nzito kukamata eksirei huwa mkubwa katika nguvu za chini, lakini hupungua sana katika nguvu za juu zinazotumiwa na mashine za LINAC, yaani mashine zinazokimbiza elektroni kwa umeme hadi zitoe eksirei kali, na pia zile za kobalti-60, ambazo mionzi yake ni ya karibu elektronivolti milioni 1.25. Hata hivyo chembe zimeonyesha matokeo katika nguvu hizo pia, kwa sehemu kwa sababu mionzi inapopenya mwilini hutawanyika na kupungua nguvu, na kwa sehemu kwa sababu ya kazi ya kikemia ya uso wa chembe. Hapa pana nafasi ya kuzingatiwa na Afrika Mashariki, kwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi hutibiwa pia kwa mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi, mara nyingi iridi-192, huingizwa karibu kabisa na uvimbe, nacho hutoa mionzi ya nguvu ndogo kuliko ya mashine za nje. Uvimbe unaofikiwa na sindano, ukiwa umepakana na chanzo cha nguvu ndogo, ni mahali panapostahili utafiti wa dhati.

Kikwazo cha tatu ni usalama wa muda mrefu, maana oksidi ya hafni haiozi wala haiyeyuki, na chembe ambazo hazikutolewa kwa upasuaji hubaki mwilini. Chuma kina nafuu katika hilo, kwa sababu mwili unajua kukitumia katika kutengeneza damu, na tayari ipo dawa ya upungufu wa damu iliyotengenezwa kwa chembe nano za oksidi ya chuma.

Njia ya mgonjwa kutoka Same

Chembe za oksidi hukuza kazi ya mionzi, na pasipo mionzi hazina cha kukuza. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Gonja, Mbaga au Usangi aliyehitaji tiba hiyo alilazimika kuteremka mlimani na kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyoanza kutoa mionzi mwaka 1980 na kufanywa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya mwaka 1996. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ilikuja kuihudumia Kanda ya Ziwa, na KCMC ilifungua kituo cha saratani Desemba 2016 kikianza na tiba za dawa, kisha ukafuata ujenzi wa jengo la mionzi. Tiba ya siku 25 maana yake ni majuma matano ya kulala ugenini, na kwa familia inayotegemea shamba la tangawizi au la maharage, gharama ya chakula, malazi na msindikizaji huweza kukatiza matibabu hata pale ambapo mashine ipo.

Hapo ndipo thamani ya chembe hizi kwa Upare inapotofautiana na thamani yake kwa Paris. Mgonjwa wa Paris hutafutiwa uponyaji bora zaidi kwa ratiba ile ile, lakini kwa mgonjwa wa Same lipo pia swali ambalo halijapewa uzito unaostahili katika tafiti: je, chembe hizi zinaweza kuwezesha siku za tiba kupunguzwa bila kupunguza uponyaji? Swali hilo haliwezi kujibiwa na maabara za Ulaya kwa niaba ya Afrika, nayo Tanzania haianzi mikono mitupu. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha hufundisha sayansi ya nyenzo, na Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia wa taasisi hiyo, alitengeneza chujio la maji linalotumia nyenzo za nano ambalo mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye jukumu la kusimamia usalama wa mionzi, nayo ina ofisi Arusha. Kuwakutanisha wanakemia wa Arusha, wataalamu wa saratani wa Moshi na wanafizikia wa Ocean Road kungeufanya utafiti huu uanzie kwenye mahitaji ya wagonjwa wanaouhitaji.

Wakati kazi hiyo ikisubiriwa, yapo mambo ambayo hayahitaji kusubiri. Mkoa wa Kilimanjaro ndiko chanjo ya HPV ilikojaribiwa mwaka 2014 kabla ya kuenezwa nchi nzima mwaka 2018, na kila msichana anayechanjwa katika shule za Hedaru au Suji ana uwezekano mdogo sana wa kuja kuhitaji mionzi kwa ajili ya mlango wa kizazi. Kipimo cha kupaka siki, kinachomwezesha mhudumu kuona kwa macho mabadiliko ya awali, kinaweza kufanyika katika kituo cha afya kisicho na mashine kubwa. Kuiacha chai dakika chache ipoe kabla ya kunywewa hakugharimu hata shilingi, na mtu anayeanza kukwamwa na makande akienda hospitali juma hilo hilo, badala ya kungoja uji nao ukwame, huwapa madaktari uvimbe mdogo ambao mionzi ya kawaida ina nafasi nzuri zaidi ya kuushinda. Uvimbe mdogo una oksijeni ya kutosha zaidi katikati yake, na seli zenye oksijeni, kama Gray na wenzake walivyothibitisha mwaka 1953, ni nyepesi zaidi kuuawa na mionzi. Kwa hiyo kuwahi hospitali ni njia ya kuifanya saratani iwe nyepesi kwa mionzi ambayo watu wa Upare wanaweza kuianza sasa, kabla chembe yoyote ya hafni haijafika Moshi.